Kipande cha Sanda

Kikaratasi kilikuwa kizito.

Haingo alikipima kiganjani huku akishuka ngazi za ukumbi, mkufu wa shaba wa mhudumu wa Bunge ukimgongagonga kifuani. Kwa miezi mitano alikuwa amebeba vikaratasi vya waheshimiwa kutoka kiti hadi kiti. Huyu anamwomba yule sigara, yule anamuuliza huyu mchana wakale wapi, na wengine, watu wazima wenye wajukuu, wanaandikiana mambo ya mapenzi bila haya. Vyote vilikuwa vyepesi. Hiki kilikunjwa mara nne na kubanwa kwa pini.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Antananarivo. Spika alikwisha kuita majina. Waziri wa Ujenzi alikuwa amesimama, akijibu swali la daraja ambalo alilijibu mwaka jana na mwaka juzi kwa maneno yale yale.

"Kimetoka kwa nani, binti yangu?" aliuliza Mzee Razaka.

"Dereva mmoja kanipa pale mlangoni, mheshimiwa. Hakusema jina."

Mzee Razaka, mwenyekiti wa kamati ya misitu, mwenye miaka sabini na minne na shuka yake nyeupe ya lamba begani, alichomoa pini. Kipande cha hariri nyekundu kikamwangukia mapajani. Kilikuwa na urefu wa kidole, kimefifia, kimegandwa na udongo. Pindo lake lilishonwa kwa uzi wa buluu.

Mzee alikifunika kwa mkono na rangi ikamtoka usoni.

Haingo aliijua hariri ile. Hakuna mtu wa nyanda za juu asiyeijua.

Sanda.

Kidude alichokificha sikioni, chini ya nywele zilizosukwa, kikakwaruza.

"Fosa, hapa Kilima. Unanipata?"

Akakohoa mara moja. Maana yake ndiyo.

"Babu ameondoka nyumbani. Narudia. Babu ameondoka nyumbani."

Sauti ilikuwa ya Kanali, mkuu wake katika idara ya ujasusi, na fumbo lile walilitunga wenyewe wakiomba Mungu lisitumike kamwe. Kaburi la ukoo wa Razaka lilikuwa limevunjwa kabla ya jua kuchomoza. Maiti kumi na tisa waliachwa walipolala. Mmoja alichukuliwa. Baba yake mzee.

Haingo alimfuata Razaka hadi kwenye ukumbi mdogo wa nje, alikosimama ameegemea nguzo.

"Mzee, mimi siyo mhudumu."

"Najua. Mhudumu gani anasoma midomo ya watu?" Alifungua kiganja. "Mshono huu ni wa marehemu mke wangu. Miaka sita iliyopita nilimtoa baba kaburini kwa mikono hii, kama mila yetu ilivyo, nikamvika hariri mpya, tukacheza naye, tukamrudisha. Leo wamemtoa kama kuku."

"Wanataka nini?"

Wanachotaka kilikuwa mkobani mwa mzee. Ripoti mbili. Ile nyeupe aliiandika yeye: magogo mekundu ya pwani ya mashariki, meli kwa meli, yaliyokatwa kwa wizi na kufukiwa mchangani yakingoja siku ya kuuzwa nje. Ile ya buluu aliletewa na Mheshimiwa Lezoma, mwenye muswada wa kuruhusu biashara hiyo, na ilisema magogo ni halali na yauzwe. Nusu ya Bunge walikwisha kuamua. Nusu nyingine walingoja Mzee Razaka asome ndipo wajue wanyooshe mkono wapi. Na juu, kwenye jukwaa la wageni, alikaa mnunuzi mwenyewe, mgeni aitwaye Krell, suti ya kijivu, akila njugu.

"Kikaratasi kinasema nikisoma nyeupe, wanamchoma," alisema mzee. "Atakuwa majivu, binti yangu. Hana pa kurudi, na mimi sina pa kumfuata. Kufa siogopi hata kidogo. Lakini nikalazwe wapi? Nimtazame nani?"

Haingo aliielewa hofu hiyo. Bibi yake mwenyewe alilala katika kaburi la namna hiyo.

"Unasoma saa ngapi?"

"Wakimalizana na daraja. Nusu saa."

"Niongezee saa moja. Omba radhi."

Mzee alimtazama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile macho yake yakapata uhai. Kwetu mtu mzima hafungui mdomo mbele ya watu kabla hajawaomba radhi wakubwa zake, wadogo zake, walio hai na waliotangulia. Anayemkatiza mzee katikati ya radhi amejiaibisha yeye na ukoo wake wote.

"Radhi," alisema Mzee Razaka, "naweza kuomba mpaka mnune."

"Nikikuletea glasi ya maji, baba yako yuko salama. Nisipokuja..."

"Usipokuja nitasoma buluu, na Mungu anisamehe. Nenda."

Alikwenda.

"Kilima, hapa Fosa. Nipe gari la Lezoma."

"Peugeot ya kijivu. Getini saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Dereva anaitwa Faralahy. Alishusha kasha moja, akaandika 'nyaraka'."

"Lilitoka?"

"Halikutoka."

"Basi babu yumo humu humu Bungeni."

"Siwezi kukuletea askari. Bila ruhusa ya Spika hawavuki geti, na wakisikia buti tu, watachoma. Huko chini uko peke yako."

"Nimezoea."

Nyaraka za Bunge huwekwa chini, kwenye stoo ya kumbukumbu. Kitasa cha mlango kilikuwa kipya. Haingo alichomoa waya mbili nyembamba nyuma ya nishani ya mkufu wake, akahesabu mpaka tisa, kitasa kikaachia. Akajipenyeza na kuurudisha mlango.

Giza. Harufu ya karatasi zilizoloa. Na makasha, safu kwa safu hadi darini, miaka sitini ya maneno ya waheshimiwa ambayo hakuna aliyewahi kurudi kuyasoma.

Kwenye vipaza sauti vya ukutani, vile vinavyopeleka kikao hadi vyooni, daraja liliisha. Spika akamwita mwenyekiti wa kamati ya misitu.

"Waheshimiwa," sauti ya Mzee Razaka ilisema taratibu, "mimi si wa kwanza kuzaliwa, wala si wa mwisho kuheshimiwa. Naomba radhi kwa walionitangulia umri..."

Saa moja. Angepekua makasha mia mbili, na humo mlikuwa na elfu kumi.

Haingo alisimama akafumba macho. Yule dereva mlangoni. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kamba. Na alinuka toaka, ile pombe kali ya miwa ya vijijini. Alinuka wapi? Si mdomoni. Alinuka mikononi.

Mlevi hunuka mdomo. Aliyenuka mikono hakunywa. Alimimina.

Nani humimina pombe asiinywe? Yule anayempa marehemu. Mwizi gani huyu, kavunja kaburi usiku, kapambazukiwa anamkaribisha aliyeibwa kinywaji! Lakini mtu aliyelelewa kwetu hata akiiba huiba na woga wake mfukoni. Na anayempa marehemu kinywaji hamtupi popote. Humweka kwenye kona ya wahenga.

Haingo alibonyeza saa yake ya Casio. Dira ikawaka kijani.

Kaskazini-mashariki, kona ambayo kwetu kila nyumba huwaachia wahenga.

Alivua viatu, akaenda kwa soksi. Safu ya kumi, ya ishirini. Harufu ya toaka ikaja. Nyuma yake ikaja nyingine, akasimama ghafla.

Petroli.

Mkono wake ulikuwa umeshagusa bastola ya Walther chini ya koti. Akauondoa. Risasi moja humu, cheche moja, na kila kitu kingekwenda.

"Usisogee, dada," sauti ilisema. "Nitawasha."

Faralahy alikaa kwenye kigoda konani, dumu miguuni, kibiriti cha gesi mkononi, redio ya Motorola pajani. Suruali yake ilikuwa imerukiwa petroli hadi magotini. Nyuma yake, juu ya mkeka mpya, kulikuwa na mzigo mrefu mwembamba wa hariri nyekundu, na mbele ya mzigo kikombe cha kahawa kilichojaa toaka.

"Umemtandikia na mkeka," Haingo alisema.

"Ulitaka nimlaze kwenye simenti? Mimi si mnyama."

"Lakini utamchoma."

"Mheshimiwa Lezoma kasema nikisikia ripoti nyeupe, niwashe nikimbie." "Asipopata magogo yake, wanangu watalala wapi? Nyumba ni yake, dada. Kazi ni yake. Hata shati hili ni lake."

Kalamu kwenye mfuko wa Haingo ilikuwa inanasa kila neno. Akapiga hatua moja.

"Nimesema usisogee!"

Ukutani, Mzee Razaka alikuwa amewamaliza walio hai.

"...na naomba radhi kwa waliolala. Naomba radhi kwako, baba, popote walipokulaza asubuhi hii. Umeamshwa bila kuambiwa, umesafirishwa bila kuagwa. Kama yupo aliyekustahi njiani, hata kwa tone moja, naye namwomba radhi, maana sikumtuma mimi kazi hii mbaya."

Faralahy alianza kulia. Alilia waziwazi, kwa sauti, kibiriti kikiwa bado mkononi.

Redio ikakoroma. "Faralahy!" Ilikuwa sauti ya Lezoma, ya chini, yenye hasira, ya mtu aliyejibanza nje ya ukumbi. "Kizee kinatuchezea hiki. Washa sasa hivi!"

"Mheshimiwa, bado anaomba radhi."

"Washa, mjinga wewe!"

"Hajamaliza kuomba radhi, mheshimiwa!"

Haingo aliruka.

Alimpata kifundo cha mkono, akakikunja, akasikia mfupa ukilia. Wakaanguka wote wawili, dumu likapinduka. Kibiriti kilitoka mkononi mwa Faralahy, na kwa bahati mbaya ile ambayo hakuna idara inayokufundisha kuizuia, kilitoka kikiwa kimewaka.

Moto ulipiga kelele moja tu. Fuu!

Faralahy alishika moto kuanzia miguuni. Njia ya mlangoni ilikuwa wazi mbele yake. Hakuifuata. Aligeuka, akapiga magoti ndani ya moto, akausukuma mkeka na mzigo wake kwa mikono miwili inayowaka.

"Mtoe! Mtoe babu!"

Haingo aliukokota mzigo hatua nane. Ulikuwa mwepesi kuliko mfuko wa mchele. Kisha akang'oa mtungi wa zimamoto ukutani, akavuta pini, akamwaga unga mweupe kwa Faralahy, kwa makasha, kwa kila kitu, mpaka mtungi ukabaki unapumua hewa. Ilichukua nusu dakika.

Nusu dakika ilitosha.

"Amepona?" Faralahy aliuliza. Hakubaki na uso wa kuulizia.

"Amepona. Hata uzi haujaungua."

"Nilimwomba radhi kabla... Mwambie mzee."

Hakusema tena. Haingo alikuwa amewahi kuua watu wawili katika kazi hii na hakuwalilia. Huyu alimlilia, muda mfupi, kwa hasira. Halafu akanawa mikono bombani, akavaa viatu, akaweka glasi ya maji kwenye sinia.

Juu ukumbini wabunge walinusa moshi wakadhani jikoni wameunguza wali. Mzee Razaka alikuwa amefika kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, sauti imeanza kukauka, mkono uko juu ya ripoti ya buluu. Spika alisinzia. Lezoma, aliyerudi kitini, alikuwa ameshika mikono ya kiti kama anayeng'olewa jino.

Haingo alishuka ngazi na sinia.

Mzee alitazama maji. Akatazama mkono wa koti la Haingo, ulioungua hadi kiwikoni. Akanywa glasi yote. Kisha akaichukua ile ripoti ya buluu na kuiweka juu ya sinia.

"Peleka jikoni, binti yangu," alisema, na kipaza sauti kikasikika mpaka getini. "Wakafungie vitumbua."

Akafungua nyeupe.

Alisoma dakika ishirini. Alitaja meli. Alitaja fukwe. Alitaja jina la Krell, na vichwa mia moja na ushee vikageuka kutazama jukwaa la wageni. Lezoma alisimama akapiga kelele za utaratibu, na Spika, aliyekwisha kuamka kabisa, akamwambia akae. Mikono ikanyooshwa. Ndiyo, hamsini na saba. Hapana, tisini na moja.

Muswada ukafa.

Krell aliinuka, njugu zikamwagika. Waandishi wa habari wawili waliokaa kulia na kushoto kwake wakainuka naye, wakamshika viwiko kwa upole. Hawakuwa waandishi wa habari.

"Fosa, mgeni tunaye," Kanali alisema sikioni. "Lezoma muache."

"Ninayo sauti yake akiagiza."

"Ana kinga ya ubunge, hakamatwi mpaka kikao kifungwe. Ijumaa saa sita. Pasi yake ya kusafiria tunayo, uwanja wa ndege wa Ivato wameambiwa. Mpaka hapo usimguse hata ukucha."

Mzee Razaka alishushwa kwa baba yake. Aligusa hariri kutoka kichwani hadi miguuni, akaupata mshono wa buluu pale ulipokatwa. Ndipo akaona kilicholala pembeni.

"Nani huyu?"

"Dereva. Ndiye aliyemuiba." Haingo alikaza sauti. "Na ndiye aliyemtoa motoni. Kasema nikuambie alimwomba radhi."

Mzee akavua shuka yake ya lamba begani, akainama kwa shida, akamfunika Faralahy hadi usoni, akaingiza pindo chini ya mabega.

"Nitafutie kwao ni wapi," alisema. "Nitampeleka mwenyewe. Nao wanawe waje kwangu, nyumba ipo."

Kikao cha mchana kilianza saa nane. Maswali ya Waziri wa Maji. Mheshimiwa Lezoma alikuwa kitini, kanyoa upya, kanukia vizuri, kainua kidole kuita mhudumu kana kwamba asubuhi haikuwapo.

Haingo alishuka. Kabla hajapewa cha kupeleka, alimwekea kikaratasi juu ya meza. Kilikunjwa mara nne na kubanwa kwa pini.

"Kimetoka kwa nani?"

"Dereva mmoja, mheshimiwa."

Lezoma alichomoa pini. Ufunguo wa Peugeot ukamdondokea mapajani, mweusi kwa masizi.

Aliufunika kwa kiganja. "Alisema... alisema chochote?"

"Alisema mengi," Haingo alijibu. "Tutayasikiliza Ijumaa."

Akainama kidogo, kama wahudumu wanavyopaswa, akapanda ngazi polepole, mkufu wa shaba ukimgongagonga kifuani.