Zamu ya Kuitikia Hodi

Birika lilikuwa la moto. Mama Kidoti aliligusa, akaondoa mkono haraka, kisha akaligusa tena kama mtu asiyeamini vidole vyake. Alikuwa amepanda ghorofa ya nne kuchemsha chai ya jioni katika nyumba ya Bibi wa Juu, na Bibi wa Juu alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

"Labda Kinyozi amepita," alijiambia. Lakini Kinyozi alikuwa chini. Alimwacha akimnyoa mteja na kumtania kuhusu kipara.

Akamimina chai, akakohoa dirishani kikohozi cha kizee ili walio uani wasikie, akaanika gauni la marehemu, akashuka.

Ilikuwa zamu yake. Mwenye jengo alitaka kuligawa, kila fleti iuzwe peke yake kwa wenye uwezo, na wapangaji wakaenda mahakamani. Hakimu akasema atatuma karani aje kuangalia. Akikuta fleti sita bado zinakaliwa na wapangaji wa zamani, hao ndio watauziwa kwanza, walipe polepole. Zikipungua sita, wote watoke. Zilikuwa sita kamili, ukimhesabu Bibi. Kisha Bibi akajilaza mchana mmoja na hakuamka. Mpwa wake akaja kumchukua kimyakimya, akamzika kwao, na jengo zima likalia huku limefumba mdomo.

"Tusitangaze," alisema Mwalimu, mzee mstaafu aliyewaongoza kwenye kesi. "Angekuwa hai angetusimamia. Tumwache atusimamie."

Hilo lilikuwa kweli. Bibi ndiye aliyembeba Kidoti, binti wa miaka minne, mama yake alipokuwa akimalizia nguo za wateja kwenye cherehani. Alimsuka bila kuombwa, na pale nywele zilipovutika sana aliinama akampuliza kichwani, fuu, ili maumivu yaondoke. Mama Kidoti hakuwa mtu wa kusahau mambo kama hayo. Na kwa kuwa alimpenda, aliijua sauti yake kuliko wengine wote. Dalali wa mwenye jengo alipopanda kuchunguza na kupiga hodi, yeye ndiye aliyeitikia kutoka ndani: "Karibu, mwanangu. Nipo, ila sijiwezi."

"Wewe mama," Kinyozi alimwambia akijishika mbavu, "siku ukizeeka huna haja ya kujifunza!"

Siku moja mteja wa nguo alimchelewesha Mama Kidoti. Alipokuwa akipanda mbio alisikia viatu vya dalali mbele yake, na kabla hajafika ghorofa ya tatu, mlango wa juu ukagongwa.

"Hodi, Bibi!"

Akasimama, mkono mdomoni. Tumekwisha, aliwaza.

"Karibu, mwanangu," sauti iliitikia. "Nipo."

Dalali akashuka akinung'unika. "Kizee hiki hakifi?" alisema, akampita.

Mama Kidoti akapanda akijiambia kuwa ni jirani, bila shaka ni jirani aliyemshikia zamu, watu wema hawajaisha jengoni, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na ufunguo pekee ulikuwa umelowa jasho kiganjani mwake, na alipofungua hakukuta mtu sebuleni wala jikoni wala chumbani, ila harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na kwenye kiti cha Bibi mto uliobonyea ukiinuka polepole, kama mito inavyoinuka mtu akitoka kukaa.

Alimfuata Mwalimu. "Kuna kitu kule juu," alisema akihema.

"Punguza sauti. Karani akishapita tutasoma dua."

"Mwalimu, nina mtoto mimi."

"Na tukitolewa, mwanangu, huyo mtoto utamlaza wapi?"

Mama Kidoti akarudi kwenye cherehani yake. Mume hakuwa naye, na ndugu zake walikuwa wamejaa kwao kama dagaa kwenye kopo.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka zamu, na zamu haikuhitaji mtu. Nguo zilianikwa. Birika lilichemka. Asubuhi watu walishuka ngazi wakikwepana macho.

Kisha Mama Kidoti akainua kichwa kutoka kwenye cherehani, na mtoto hakuwepo. Alimtafuta uani, kwa Kinyozi, kwa Mwalimu, na miguu yake, iliyojua kabla yake, ikampeleka juu. Akafungua ule mlango uliokuwa umefungwa kwa nje. Kidoti alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kiti kitupu, nywele zimesukwa mistari myembamba, iliyonyooka, iliyokazwa hadi ngozi ya paji la uso imevutika na kutoa vitone vya damu.

"Nani kakusuka?"

"Bibi." Mtoto alijikaza asilie. "Ila siku hizi hapulizi, mama."

Usiku ule alizifumua nywele zile, akipuliza kila msuko. Kabla ya kumaliza alikuwa ameshaamua. Afadhali kulala barazani na mtoto kuliko kuwa na nyumba bila mtoto.

Karani alipofika, akiwa na dalali, alikagua fleti tano. Walipoelekea ghorofa ya nne Mama Kidoti akawazuia, mtoto mgongoni.

"Mheshimiwa, kule hakuna mtu. Bibi alishafariki. Mimi ndiye niliyekuwa naitikia."

"Mama Kidoti, unatuua!" Kinyozi alisema. Mwalimu aliketi kwenye ngazi kama gunia lililofunguliwa kamba. Dalali akatabasamu.

"Hata hivyo kazi yangu ni kugonga," karani alisema, akagonga. "Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Nipo."

Kitasa kikazunguka. Karani akaingia, dalali nyuma yake. Waliobaki nje walisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, taratibu, kwa adabu.

Karani akatoka akijifuta uso. "Mama, umewachoka majirani zako? Bibi yupo. Amekaa ametupa mgongo, anasema mwanga unamuumiza. Mkono wake tu ndio wa baridi." Dalali alitoka nyuma yake. Alishuka akishika ukuta, na hakuonekana tena jengoni.

Wiki iliyofuata hakimu akawapa wapangaji ushindi. Watu walikumbatiana kwenye ngazi, na waliomlaani Mama Kidoti wakamsamehe, wakamletea sukari.

Ndipo walipomwita mganga. Mganga, mama mmoja mfupi, aliweka sikio mlangoni kwa Bibi, akasikiliza, kisha akaufunga tena mfuko wake wa dawa.

"Mngeniita mapema. Kitu hiki kilikuta mlango unaitikiwa, kikaingia. Kingekuwa mpangaji ningekitoa. Sasa mmekisimamia hadi kwa hakimu kikapewa nyumba. Mwenye nyumba nimtoe kwake kwa neno gani?"

Kesho yake Mama Kidoti alihama.

"Umeshinda, mwanangu," Mwalimu alimsihi. "Fleti yako ikikaa tupu utaipoteza."

"Ipotee."

Mwalimu akaenda kumletea mtoto blanketi lake mwenyewe. Kinyozi alishusha godoro kichwani bila utani hata mmoja. Cherehani ikafungwa kamba kwenye mkokoteni, na Kinyozi akarudi kuchukua kigoda kilichosahaulika kwenye fleti ya Mama Kidoti, ghorofa ya pili. Walimsikia akipaza sauti mlangoni, kwa mazoea tu:

"Hodi humu ndani!"

Dirisha lilikuwa wazi. Sauti iliyotoka ilikuwa laini, ya kuchoka, ndiyo iliyombembeleza Kidoti kila usiku tangu azaliwe. Ilikuwa sauti ya mama yake.

"Karibu, kaka. Nipo."

Kigoda kikaanguka huko juu. Mama Kidoti alifungua mdomo kumwita mwanawe waondoke, lakini sauti yake haikuwepo, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo tu. Kidoti aliinua uso akamtazama, akalitazama dirisha, kisha akautazama mkono uliomshika. Akaanza kuuvuta wake.

"Niache," alisema akilia. "Namtaka mama."