Vepa ya Mume Wangu Niliipeleka Maombini

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, nimetoka Bukavu, Kongo, na nasuka nywele hapa Yeoville, Johannesburg. Haya yalinipata mwaka 2013, na nikiyakumbuka bado nasikia aibu...

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mlinzi kwenye duka kubwa. Siku ya ndoa yetu aliapa mbele ya kanisa zima kwamba ameacha sigara. Jamani, nilivyojivunia kiapo kile! Kila mteja alisimuliwa.

Siku moja nilifungua begi lake la kazi nitoe sare nifue. Nikakuta vepa mbili, vile vidude vya kupasha majani makavu uvute mvuke, kimoja cheusi, kingine rangi ya fedha. Na kifuko cha majani yaliyosagwa. Moyo ulinilipuka! Nilinusa, harufu kali kama ya dawa, sikuyatambua. Nikarudisha kila kitu, nikaenda kufua sare.

Eish, nilivyomchunguza mtu yule! Nilinusa mashati, nilipekua simu. Siku zake za mapumziko alijifungia jikoni, anajaribu majani yale yale kwenye hiki, kisha kwenye kile, anaandika kwenye daftari. Nikalisoma kwa siri. Cheusi kinaunguza majani. Cha fedha kina ladha safi, ila betri inakwisha upesi. Baadaye akanunua mdomo wa kioo na vichujio vidogo vya waya, akavifunga kwenye kile cha fedha, akaandika kwamba sasa mvuke hauchomi koo.

Mtu ahangaike hivyo kwa majani ya chai? Nikajiambia, huyu anauza bhangi! Polisi wakija, sisi wakimbizi karatasi zetu zitapona?

Kwa nini sikumuuliza? Nilijua atanidanganya. Nilijifanya najua kila kitu!

Kila Alhamisi wanawake wa kanisa letu tunaomba pamoja, na kila mmoja anatoa ombi lake. Nikasimama, nikalia, nikawaambia Baba Neema anavuta bhangi na labda anaiuza. Nilirudi nyumbani mwepesi... Nilisahau tulivyo. Ombi la dada mmoja linafika kila nyumba, eti tumwombee. Na dada mmoja pale aliolewa na msimamizi wa mume wangu kazini.

Kabla ya Jumapili alifukuzwa kazi.

Alirudi mchana na sare mwilini, akamwaga kile kifuko mezani. Mnanaa na mkaratusi! Alikausha mwenyewe. Sigara hakuwahi kuiacha, alivuta kwa kujificha miaka yote kwa kuogopa kiapo kile na mdomo wangu. Mvuke ule alijaribu ili mkono usahau sigara, na wiki ya tano ilikuwa inapita hajagusa hata moja. Nilipiga magoti, nikalia, nikamwomba msamaha.

Hakupaza sauti. "Mama Neema, ungemwambia Mungu peke yake, ningekuwa na kazi. Ungeniambia mimi, ungekuwa na mume."

Alihamia Durban. Watoto anawapigia simu. Mimi ananisalimu tu.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi! Shaka ikikuingia, mketishe mwenzako, muulize yeye. Usimtangaze ukasema unamwombea.

Siku hizi zamu yangu ikifika Alhamisi, nasema Mungu analijua ombi langu, nakaa. Dada zangu wananikazia macho. Najua wanajiuliza ninaficha nini, na najua jioni watakwenda kuniombea nyumba kwa nyumba.