Mgeni Aliyealikwa Hekaluni

Jambo la kwanza lilikuwa beseni. Mvua ilinyesha mtaani Ibanda asubuhi nzima, ile mvua ya Bukavu isiyojua likizo, na Eulalie akaweka beseni chini ya bati apate maji ya kufulia. Alipotoka kulichukua, lilikuwa kavu. Ndani kulibaki mchanga mwekundu, laini, wa moto kidogo. Akaumwaga uani, akalirudisha beseni mahali pake. Mtu aliyerudi safari juzi ana uchovu wa kumtosha, hana nafasi ya kushangaa.

Alikuwa ametoka hija na watu wa parokia. Baada ya Bethlehemu walivushwa hadi Yordani, wakapelekwa jangwani kuona hekalu la Wanabatea, watu wa kale waliosafirisha ubani kwa ngamia. Nguzo zimevunjika, ngazi zimeliwa na upepo. Wenzake wakapiga picha, wakakimbilia basi. Eulalie, mwalimu wa historia, akabaki. Ndani kulikuwa na ubaridi mtamu, kama sebule ya mtu, na miguu ilikuwa inamuuma, basi akaketi juu ya jiwe akapumzika. Alipoinuka, kinywa kikasema chenyewe yale tunayosema sote tukitoka kwa watu: "Aksanti kwa kutupokea. Na nyinyi siku moja mukuye kwetu Bukavu." Lo! Kualika magofu yaje nyumbani! Adabu nyingine ni mzigo.

Wiki haikuisha, Priscille, binti yake wa pekee, akaanza kuomba maji. Anakunywa, anaomba tena, na kila kikombe anasema "aksanti, mama," maana ndivyo alivyofundishwa. Midomo ikapasuka, macho yakazama, ngozi ya mikono ikawa kama ganda la kitunguu. Hospitalini walimpima damu na sukari, hawakuona kitu. Venant, mumewe Eulalie, akaita kikundi cha maombi. Wakapiga kelele "Toka! Toka!" mpaka sauti zikawakauka, na siku hiyohiyo bidoni zote za maji jikoni zikakauka nazo. Mtoto akazidiwa.

Mchana mmoja, mvua ikipiga bati, Eulalie alikuwa amesinzia kando ya kitanda cha mtoto, na katika usingizi ule wa mtu aliyechoka, usio usingizi, akasikia mtu akimeza, gudu, gudu, gudu, polepole, bila haraka, akadhani ni Priscille, lakini Priscille alikuwa amelala kinywa wazi, na harufu ya ubani na mawe yaliyochomwa na jua ikajaa chumbani, na maji ya kikombe mezani yakawa yanapungua, yanapungua, wala hakuna mkono, mpaka ukabaki mchanga, kisha ile sauti ya kumeza ikasogea, ikahamia kitandani, ikainama karibu na midomo ya mtoto.

"Venant," Eulalie akamnong'oneza mumewe mlangoni. "Iko humu."

"Nani?"

"Ule niliita miye mwenyewe."

Ndipo wakamleta shangazi yake Venant, Maman Adélaïde wa Mumosho, anayejua mambo ya pepo na asiyejua kubembeleza mtu. Aliingia akilalamikia magoti yake, akasikiliza habari yote, akamkazia Eulalie macho.

"Mulimupa kiti?"

"Nani, Maman?"

"Mugeni wenu! Mulimwita, akatoka kwao mbali, akafika. Hamukumusalimia, mukaleta watu kumupigia makelele. Weye ungefanya nini?"

"Mutoto wangu anakufa, Maman." Eulalie hakuwa na nguvu hata za kulia vizuri.

"Mugeni asiyepokelewa anajipokea mwenyewe. Leta kiti. Leta maji, kwa glasi nzuri. Halafu tutamusindikiza mpaka barabarani, kama mutu. Lakini kwa kuagana, usimwambie akuye tena. Unasikia? Ujiume ulimi."

Wakafanya hivyo: kiti kitupu, kitambaa cheupe, glasi ya sikukuu. Maji yakashuka taratibu mpaka yakaisha. Mlango ukafunguka. Wakatoka wote watatu, na mbele yao, katikati ya tope, nyayo kavu zikawa zinatokea, moja baada ya nyingine, huku mvua ikinyesha kandokando yake bila kuzigusa.

Kwenye geti nyayo zikasimama. Zilikuwa zinamngoja. Maneno yakamjaa Eulalie kinywani, yale ya maisha yake yote, na akauma ulimi hata akaonja damu.

"Safari njema," akasema. Basi.

Nyayo zikaanza kuteremka barabara. Nyuma yao beseni likaanza kulia, ta, ta, ta, linajaa. Venant akafanya ishara ya msalaba. Eulalie akageuka, na dirishani akamwona Priscille amesimama kwa miguu yake mwenyewe, midomo imelowa, anatabasamu. Kwa furaha akamshika Maman Adélaïde mkono.

Mtoto hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa anatazama barabarani, na akapunga mkono kwa adabu, kama anayemuaga mjomba.

"Au revoir, tonton! Ukuye tena!"

Mvua haikupungua. Beseni likanyamaza.