Gauni la Juliana na Kambale wa Rujewa

Kila alipotoka shule, Mbuke aliwasha moto chini ya kichanja na kuwageuza kambale wa mama yake mpaka wakauke vizuri. Jumanne ile mama alimwongezea kazi.

"Kesho alfajiri basi linakwenda Iringa. Mtumie shangazi yako Severina, kule Ipogolo, hawa kambale na gauni la kipaimara la binti yake Juliana. Lifunge peke yake. Kambale wafunge peke yao, wakishakauka. Na nje uandike jina lake kamili, na kwamba ni samaki, wasikae juani. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Lakini wenzake walikuwa wanacheza rede, wanamwita. Mbuke akabonyeza kambale: mgongo mkavu, tumbo bado linatoa maji. "Watakaukia njiani," akasema. Akawaviringisha kwenye gazeti, akawasokomeza na gauni ndani ya gunia moja, akaandika nje: SHANGAZI, IPOGOLO. Kisha akakimbilia mchezo, na alfajiri akalipandisha gunia kwenye basi.

Ijumaa yeye na mama walisafiri kwenda kwenye sherehe. Shangazi aliwapokea mlangoni, kanga puani.

"Karibu, wifi. Mzigo wenu umekaa kituoni juani tangu Jumatano. Mashangazi wa Ipogolo ni wengi, nani angejua ni mimi? Leo nimekwenda kuuliza, wakanionyesha kwa kidole. Hakuna aliyetaka kuushika."

Gunia lilikuwa nyuma ya jiko, limefunikwa na nzi wa kijani.

"Fungua mwenyewe," mama akamwambia Mbuke.

Akakata kamba. Lo! Harufu ilimpanda mpaka kooni. Kambale walikuwa uji. Funza weupe walitambaa kwenye lesi ya kola, na maji ya kahawia, yenye ute, yalikuwa yamelowesha kifua chote cha gauni. Mbuke akatapika pale pale.

"Tapika, ukimaliza ufue," mama akasema.

Juliana akafunika uso. "Sivai hilo! Paka watanifuata mpaka altareni!"

Mbuke akaokota funza mmoja mmoja kwa kijiti. Akafua kwa sabuni ya mche, akachemsha, akasugua limau, akaanika, akanusa, akafua tena. Mikono ilimnuka hata ugali ukamshinda.

Jumamosi jioni Juliana akanusa kola, akanusa kwapa, akanusa pindo. "Haya. Limau tupu. Nitalivaa."

Mbuke akashusha pumzi. Shangazi akamvuta karibu, kisha akamsogeza mbali kidogo.

"Mwanangu, anayepokea mzigo haoni ndani ya gunia. Ana maneno yako tu ya nje. Kazi uliyoikatisha wewe kule Rujewa, sisi huku tumeimalizia kwa pua zetu. Sasa nenda kaoge tena."