Amana ya Hussam

Kila alasiri akitoka shule, Ummukulthum alimchukua mdogo wake Miraji kwa jirani yao, Bi Eufrasia, wakapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Lifti ya jengo lao hapo Tottenham ilikuwa mbovu tangu majira ya baridi, na Miraji, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa na kipaji cha kuchoka mara tu anapoiona ngazi. Wakifika juu, Ummukulthum alimpa mkate na chai ya maziwa, kisha akakaa na kazi zake za shule huku akisubiri vifurushi.

Ndiyo, vifurushi. Ilikuwa mwaka 2005, na watu wengi walikuwa wameanza kununua vitu kwenye intaneti. Majirani wasiokuwepo mchana waliandika anwani ya Bi Miska, mama yake Ummukulthum. Viatu, vitabu na sufuria vililala hapo mpaka wenyewe waje. Bi Miska, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee, alikulia Unguja, katika mtaa ambao jirani akikuachia kitu chake, huulizi wala hufungui.

"Kitu cha mtu ni amana," alimwambia binti yake kila mara. "Unakipokea, unakiweka, unamkabidhi mwenyewe. Basi."

Ummukulthum alilishika somo hilo vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Binamu yake Hussam, kijana wa miaka kumi na sita, mtoto wa Mjomba Jaffar wa Stratford, alilijua hilo.

Kifurushi cha kwanza cha Hussam kilikuwa kidogo lakini kizito ajabu. Alipokuja kukichukua, Ummukulthum alikitikisa. Kililia chakachaka kama njugu ndani ya kopo.

"Kaka Hussam, humu mna nini?"

Hussam alichungulia jikoni kuhakikisha hamna mtu. "Risasi," alisema akicheka. "Usinitolee macho! Za bunduki ya upepo tu. Rafiki yangu anayo, tunalenga makopo huko kando ya mto. Nimeziagiza kwenye intaneti kwa kadi ya baba."

"Mjomba anajua?"

"Angejua, ningezileta kwenu? Kuna kopo jingine litakuja. Niwekee, na usimwambie mtu. Ni amana, mama yako kasema mwenyewe."

Ummukulthum hakupenda hata kidogo. Lakini aliona kumsema Hussam ni kuvunja amana, na hakujua jambo ambalo mama yake alilichukia zaidi ya hilo. Kifurushi cha pili kilipofika, alikificha chini ya kitanda, nyuma ya mabegi ya safari. Alisahau kwamba huko chini ya kitanda ndiko Miraji alikokuwa na gereji ya magari yake ya kuchezea.

Jumamosi moja mama yao alikuwa zamu. Ummukulthum alikuwa akiosha vyombo alipohisi nyumba imekuwa kimya. Nyumba yenye Miraji haiwi kimya hivi hivi. Alikimbilia chumbani, akakuta karatasi imechanwa, kopo liko wazi, na vipande vidogo vya kijivu vimetapakaa kwenye zulia. Shavu la Miraji lilikuwa limetuna.

"Tema! Miraji, tema!"

Miraji alitema viwili. "Vingine nimeshakula," alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Si vitamu."

Ummukulthum alikimbilia simu. Akampigia mama yake.

"Mama, Miraji kameza... kameza shanga."

Neno lilimtoka lenyewe. Akazoa risasi zote, akazirudisha kwenye kopo, akalitia mkobani.

Bi Eufrasia aliwapeleka hospitali, na Bi Miska alikutana nao huko akiwa bado na sare yake ya kazi. Daktari wa zamu, mwanamke mpole aitwaye Ann, alimbonyeza Miraji tumbo.

"Shanga za plastiki?" aliuliza. "Zitatoka zenyewe. Mpeni maji mengi, mkapumzike nyumbani."

Bi Miska alishusha pumzi, akaanza kumvalisha Miraji koti. Ummukulthum aliitazama zipu ikipanda. Wakitoka mlangoni, Hussam amenusurika, na yeye pia. Lakini risasi zingebaki tumboni mwa Miraji, na hakuna mtu ambaye angezitafuta.

"Mama, subiri," alisema. Akalitoa kopo mkobani, akaliweka mbele ya daktari. "Si shanga. Ni risasi za bunduki ya upepo. Nilidanganya."

Bi Miska alimwangalia kama hamjui. Daktari hakugomba, alimchukua Miraji haraka, akampeleka kupigwa eksirei. Kwenye picha vitone vitatu vyeupe vilionekana wazi tumboni.

"Madini haya yana sumu," Daktari Ann alieleza. "Yakikaa mwilini yanaingia kwenye damu na kudhuru akili ya mtoto. Tutambakiza hapa, tumpe dawa ya kusafisha tumbo. Tumewahi. Asante, binti, kwa kusema."

Risasi zilitoka siku ya pili. Manesi walimpigia Miraji makofi kwa kwenda choo, na alijivunia heshima hiyo kwa muda mrefu. Kipimo cha damu kilikuwa safi.

Jioni hiyo Mjomba Jaffar alimleta Hussam nyumbani. Siku zote Hussam alikuwa na maneno mengi, lakini leo alikaa karibu na mlango, macho chini.

"Shangazi, nisamehe," alisema. "Sikufikiria kabisa kwamba humu mna mtoto."

"Kesho tunakwenda polisi, mimi na yeye, kuzikabidhi zote," alisema Mjomba Jaffar. "Na baba wa huyo rafiki yake nimeshazungumza naye." Hussam aliitikia kwa kichwa.

Ummukulthum alikuwa akilia. "Mama, nilidhani nalinda amana."

Bi Miska alimvuta karibu. "Kosa la kwanza ni langu, mwanangu. Nilikufundisha kupokea, sikukufundisha kukataa. Amana mtu anakuachia waziwazi, na mama yako akiuliza, unamwonyesha. Anayekwambia unifiche mimi hajakupa amana, kakutwika mzigo wake. Usiupokee, hata akiwa ndugu yako. Na ukishaupokea kwa bahati mbaya, sema. Wewe ulisema, ndiyo maana Miraji yuko hapa anatuvurugia nyumba."

Wiki iliyofuata kengele ililia. Mleta vifurushi alikuwa ameshika boksi dogo lililoandikwa jina la Hussam. Kumbe kijana huyo alikuwa ameagiza tena kabla mambo hayajaharibika. Ummukulthum aliweka mikono nyuma.

"Samahani," alisema. "Hilo hatulipokei. Lirudishe lilikotoka."

Akafunga mlango. "Mama! Nimekataa!"

"Vizuri," Bi Miska alijibu kutoka jikoni. "Sasa njoo unywe chai."