Gofu la Mtaa wa Mchikichi

Kopo la rangi lilimponyoka Badria katikati ya Kariakoo, kati ya muuza mabegi na mkokoteni wa mananasi. Likagonga lami, kifuniko kikaruka, na rangi nyeupe ikamwagikia kiatu cha mwanamume aliyekuwa anapita.

"Nisamehe, kaka yangu, nisamehe sana," alisema, akainama na ncha ya mtandio wake ili amfute.

"Usiharibu mtandio, dada." Alikuwa mrefu, shati la samawati limepigwa pasi vizuri, ila kifungo kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Alikitazama kiatu, akatazama na kile kingine. "Ofisini watasema leo nimevaa gizani."

Badria akacheka, kisha akashtuka kukisikia kicheko chake. Tangu amzike mama yake hakuwa amecheka na mtu.

Mwanamume huyo aliitwa Mwinyimvua. Alifanya kazi eneo la Posta, katika ofisi inayotoa mizigo bandarini, na alipanga chumba Buguruni. Alimsindikiza kununua kopo jingine, akambebea mpaka kona ya Msimbazi, na pale Badria akamzuia asiende mbele zaidi kwa kuogopa macho ya majirani. Wakapeana namba. Badria aliisevu kwa jina la Mwinyi Kiatu.

Ikawa kila jioni simu inaita.

"Umekula?"

"Nimekula mkate na chai."

"Hicho si chakula, mpenzi. Unaizuga njaa tu."

"Na wewe, mpishi mkuu, umekula nini?"

"Mkate bila chai."

Badria alikuwa ameolewa Dodoma kwa miaka mingi. Alipoachika alirudi Dar kumuuguza mama yake, na mama alipofariki akabaki peke yake katika nyumba ya urithi, Mtaa wa Mchikichi. Mchana mtaa ulijaa makelele ya biashara. Jioni maduka yakifungwa, alisikia maji yanavyodondoka bafuni. Wakati mwingine alipika wali wa watu wawili kwa mazoea, akala nusu, nusu akaipeleka kwa paka. Kaka yake Anuari, aliyekuwa Tanga, alimwambia wauze nyumba, aje akae na ndugu zake. Badria akakubali. Ndiyo maana alikuwa anapaka rangi.

Lakini nyumba haikuuzika. Ya jirani ilikuwa gofu. Paa la bati lilikuwa limebomoka, mwarobaini ulikuwa umeota sebuleni na mizizi yake kupasua ukuta wa Badria, na wapita njia walitupa taka kupitia dirisha lisilo na kioo. Mvua ikinyesha, harufu ilihamia kwa Badria. Steven, dalali, alileta wateja, wakaondoka wameziba pua. Mmoja, mama muuza vitenge aitwaye Joyceline, alizunguka vyumba vyote kwa furaha mpaka alipotoka uani.

"Nyumba yako nimeipenda, dada. Jirani yako ndiye nisiyemtaka."

Jumamosi, wakinywa juisi ya miwa, Badria alimweleza Mwinyimvua yote.

"Mwenye lile gofu hana haya hata kidogo. Mtu gani anaiacha nyumba Kariakoo ioze?"

Mwinyimvua alikuwa anazungusha glasi yake mezani. "Labda ana sababu."

"Sababu gani? Si ana mikono? Aje afagie."

Mwinyimvua alisukuma glasi kando. Siku ile aliaga mapema.

Wiki iliyofuata Steven alikuja anahema. Alikuwa ametoka ofisi ya serikali ya mtaa, na hatimaye amepata namba ya mwenye gofu. Akaitaja, Badria akaibonyeza. Kabla hajamaliza, simu yake yenyewe ikaandika: Mwinyi Kiatu.

Alimwomba Steven aondoke. Kisha akapiga.

"Niambie, mpenzi."

"Hili gofu la ubavuni kwangu ni lako?"

"Ni langu."

"Ulijua tangu lini naishi hapa?"

"Tangu uliponitajia mtaa na jina la mama yako. Badria, nilikuwa nitakuambia..."

"Ulinikalisha pale nikutukane mbele yako, na wewe unakunywa juisi." Alikata, akaizima simu.

Zikapita wiki. Alijiambia kwamba anamchukia, na jioni alijikuta anaitazama simu isiyoita. Rangi aliyopaka ilikuwa imekauka. Chumba kilikuwa cheupe na kitupu.

Asubuhi moja alisikia panga ng'ambo ya ukuta. Akachungulia uani. Mwinyimvua, katika fulana iliyolowa jasho, alikuwa anakata matawi ya mwarobaini. Vibarua walikuwa wanazoa taka. Badria alirudi ndani, akakaa kitandani, akasikiliza. Siku zilizofuata alisikia nyundo, kisha bati jipya. Hatimaye alimimina chai kwenye kikombe, akavuka.

Alimkuta amekaa kwenye ngazi, peke yake.

"Kwa nini uliiacha hivi?" aliuliza, akimpa kikombe.

"Mke wangu alifia kile chumba cha mbele. Aliugua muda mrefu. Baada ya mazishi nilifunga mlango nikasema nitarudi wiki ijayo. Nikawa nafika mpaka hapo nje, natafuta ufunguo mfukoni na huku nimeushika mkononi. Mwishoni nikaacha hata kufika." Alikunywa chai. "Mama yako ndiye aliyemuosha kabla ya kuzikwa. Uliponitajia mtaa, niliogopa kwamba ukijua, utaniona kama navyojiona."

Badria alikaa ngazi ya chini yake. "Sasa unaitengeneza ili uhamie?"

"Naitengeneza ili uuze."

Alitaka kumwambia kwamba hana haraka tena ya kuuza. Lakini Anuari alikuwa na haki katika ile nyumba, kwa hiyo Badria alichukua kikombe kitupu akarudi kwake.

Joyceline akarudi, akanunua. Siku ya kuhama, Mwinyimvua alibeba kitanda cha marehemu mama mpaka kwenye lori la fuso, akafunga kamba kwa uangalifu. Badria alivaa dera la zambarau, macho yamevimba.

"Safari njema," Mwinyimvua alisema.

"Asante, jirani."

Tanga alipokelewa vizuri. Nyumba ya Anuari ilijaa watoto, wifi alikuwa mwema, chakula kilikuwa cha moto. Badria alikula kati ya watu wengi, na bado alikuwa anasikia maji yanavyodondoka bafuni Mchikichi. Kumbe upweke alikuja nao.

Alasiri moja simu ikaita.

"Umekula?" Mwinyimvua aliuliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimehamia kwangu, Mchikichi. Nimepika wali, umeungua. Badria, nataka kukuoa. Nilipaswa kusema siku ile nafunga kamba."

Badria alitoka nje, mbali na watoto.

"Tuma mtu mzima kwa kaka yangu, kama desturi."

"Sina mtu. Baba, mama, mjomba, wote nimewazika. Nimekaa tangu asubuhi natafuta nani wa kunisemea, sijampata."

Badria aliegemea ukuta wa kaka yake. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Basi njoo mwenyewe," alisema. "Nitamwambia Anuari asikuulize umekuja na nani."