Namba ya Timazi na Kidole cha Wakala

Timazi hakuwa na duka. Hakuwa na gari. Hakuwa na kibao cha kumtangaza barabarani, wala ndugu ofisini wa kumpigia debe. Hakuwa na cheti, kwa kuwa alijifunza uashi kwa kumbebea mjomba wake ndoo. Hakuwa hata na alama za vidole. Saruji ilikuwa imezila kwa miaka ishirini na miwili, ncha za vidole vyake zikabaki nyororo kama mgongo wa kijiko.

Alichokuwa nacho ni namba moja ya simu. Aliitumia kwa miaka kumi na minne. Ukitaka ukuta, ngazi au choo, jirani yako alikupa namba hiyo. Jina lake halisi walilijua wachache. Walimwita Timazi, ile kamba yenye uzito ambayo mwashi hupimia kama ukuta umesimama wima, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kupinda.

Shida ilikuwa mtandao. Nyumbani kwao haukushika. Ili simu iite, ilibidi iwekwe juu ya tangi la maji. Mkewe akifua uani alikuwa na kazi mbili: kufua na kulisikiliza tangi.

"Baba Pacha! Tangi linaita!"

Timazi alikimbia, akapanda, akanyoosha mkono. Simu ikakatika.

"Hama mtandao," mkewe alimwambia. "Siku hizi mtu anahama na namba yake ile ile. Nenda ofisini kwao ukaulize."

"Ofisini foleni inafika barabarani. Nje ya duka la dawa kuna wakala. Dakika tano tu nimemaliza."

"Dakika tano za nani?"

Timazi alichukua kitambulisho chake akaondoka.

Wakala alikuwa na meza, mwavuli, na laini za kampuni tatu. Hakuajiriwa na hata moja. Alizichukua laini kwa jumla, akaziuza rejareja, na kampuni zilimlipa kwa kila mtu aliyemsajili. Siku hiyo alivaa fulana ya kampuni moja na kofia ya nyingine.

"Karibu mzee wangu! Hama leo, namba ile ile!"

Alitoa mashine ya kusoma vidole. Timazi akaweka dole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka cha shahada. Ikakataa. Vikaisha vyote kumi.

"Mzee, vidole vyako vimeisha kama sabuni ya bafuni," wakala alisema.

Timazi alicheka. "Ni saruji, mwanangu."

"Basi usihangaike. Naweka changu, na kitambulisho changu. Mashine inataka kidole tu, haiulizi ni cha nani. Wengi nawasaidia hivyo."

Timazi alishukuru. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea mdomo umejaa asante.

Kwa miezi saba simu iliita vizuri mpaka chumbani. Mkewe akalisahau tangi. Kisha siku moja, Timazi akimwaga zege, simu ilimchomoka mfukoni. Kabla hajainama, chepe la pili likaifunika. Simu ilikufa, na laini ikafia ndani yake.

Alitafuta simu kuukuu, akarudi kwa wakala. "Nitolee laini nyingine ya namba ile ile."

"Leo mashine inasumbua. Njoo kesho."

Kesho yake akaambiwa aje keshokutwa. Keshokutwa akaambiwa aje Jumatatu. Wiki tatu zikapita. Timazi alishangaa kwamba hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kumtafuta.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Aliingia uani bila kupiga hodi.

"Timazi, mimi nilikuheshimu! Ukuta wa shule umepinda kama mkia wa mbwa. Watoto wangu wanapita pale!"

"Ukuta gani, mwalimu?"

"Usinitanie! Nilikupigia mwenyewe. Ukasema una homa, unamtuma mdogo wako."

"Mimi sina mdogo. Na simu yangu ina wiki tatu imekufa."

Mwalimu mkuu alimtazama. Kisha akatoa simu yake, akapiga namba ile, akafungua sauti wote wasikie. Ikaita mara mbili.

"Fundi Timazi hapa," sauti ya mwanamume ikajibu. "Unataka ukuta au sakafu?"

Mke wa Timazi aliachia shati likatumbukia kwenye beseni. "Ee, mwizi we! Timazi ni mume wangu, amesimama hapa!"

Simu ikakatwa.

Timazi alichukua mwiko wake wa kazi, akatoka.

Wakala alikuwa chini ya mwavuli wake.

"Namba yangu iko wapi?"

"Namba yako?" Wakala hakuinuka. "Ile iko kwa jina langu, mzee. Nimempa shemeji yangu, naye ni fundi. Kaulize popote. Jina langu, kitambulisho changu, kidole changu. Chako kiko wapi?" Akamsogezea mashine huku akicheka. "Haya, weka tuone."

Timazi alipiga teke meza. Laini zikatapakaa chini. Mkono wenye mwiko ukapanda juu.

"Timazi! Shusha huo mkono!"

Alikuwa Mama Taipu, jirani yake, anatoka duka la dawa. Alifanya kazi ya ukarani mahakamani miaka thelathini, akiandika barua na mashtaka ya watu kwa taipureta, na jina la utani lilibaki hata baada ya kustaafu.

"Mama, mtu huyu ameniibia riziki!"

"Nimesikia. Ukimgusa, kesho yeye ni mlalamikaji na wewe ni mshtakiwa. Hicho ndicho anachokiomba." Akamgeukia wakala. "Na wewe, okota takataka zako."

Wakaondoka pamoja.

"Sasa nikukasirikie na mimi," Mama Taipu alisema. "Ungempa mtu kiwanja chako akaandikishe hati kwa jina lake?"

"Siwezi! Nina akili zangu."

"Namba umempa. Namba ya simu si ya mwenye kuikariri. Ni ya aliyeandikishwa. Laini ikipotea au ikiharibika, kampuni inamtafuta mwenye jina, haimtafuti mwenye kilio."

"Kwa hiyo mtu wa saruji asiwe na simu?" Timazi alifoka. "Nivikate hivi vidole?"

"Usinifokee mimi, mimi si mashine. Mtu ambaye vidole vyake havisomeki aende ofisini kwa kampuni yenyewe. Wakala ni muuzaji. Anaweza kukuuzia laini, lakini hana haki ya kukukopesha jina lake. Akikwambia 'naweka changu', chukua kitambulisho chako uondoke."

Ofisini walipanga foleni. Ilikuwa ndefu, lakini ilisogea. Mhudumu, mwanamama aliyewapokea dirishani, alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Kwa watu wenye vidole kama vyako tuna fomu. Unaleta kitambulisho, tunakupiga picha, shahidi anatia sahihi. Ni kazi ya nusu saa."

Timazi aliuma meno. Nusu saa!

"Namba naifunga leo hii, asiitumie mtu," mhudumu aliendelea. "Lakini kuirudisha kwako nahitaji ushahidi. Lete barua kutoka kampuni uliyohama. Una kitu kingine kinachoonyesha umeitumia namba hii zamani?"

Timazi alifikiri. "Kila nikimaliza kazi, naandika namba yangu na mwaka kwenye saruji, pembeni, kabla haijakauka."

Mhudumu aliinua kichwa. "Kazi ngapi?"

"Mama, nenda mtaani kwetu utazame chini."

Siku mbili zilizofuata, mke wa Timazi na mwalimu mkuu walizunguka mtaa wakipiga picha vizingiti, ngazi na misingi ya vyoo. Mwalimu mkuu alipiga magoti kwenye tope na suti yake. Miaka yote kumi na minne ilipatikana. Barua ya kampuni ya zamani nayo ikaja.

Siku ya tisa Timazi alipewa laini. Hakuondoka dirishani. Mama Taipu alikuwa amemfunza.

"Geuza kompyuta nione jina."

Mhudumu akageuza. Timazi alilisoma herufi kwa herufi, pamoja na namba ya kitambulisho. Lilikuwa jina lake. Kabla hajafika nyumbani simu ikaita.

"Timazi?" Alikuwa mwalimu mkuu. "Njoo ubomoe ule ukuta, ujenge ukuta."

Lakini hasira ya Timazi haikuisha, maana aliyakumbuka maneno ya wakala: *wengi nawasaidia hivyo*. Alianza kupita nyumba kwa nyumba. Mpasua kokoto alikuwa amesajiliwa kwa kidole kile kile. Mfyatua matofali vilevile. Dobi alimfungulia viganja vyake, vyeupe na vyororo kwa sabuni.

"Aliniambia ananisaidia," dobi alisema. "Mpaka nikampa ndizi."

"Mimi nilimpa asante. Twende ofisini kabla hajaigawa na yako."

Jioni wakala alimfuata nyumbani.

"Mzee wangu, yaishe. Yako si umeipata?"

"Yangu nimeipata. Na ya dobi?"

"Dobi hajui lolote."

"Ndiyo maana ulimchagua. Toka uani kwangu."

Mama Taipu alitaka kumwandikia barua. Timazi alikataa. Alikaa mezani na kalamu, mkewe akisoma juu ya bega lake.

*Kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kuna wakala nje ya duka la dawa anayewasajili wafanyakazi wa mikono kwa kidole chake, kisha anazigeuza namba zao kuwa zake. Tumo watu kumi na saba. Majina na sahihi zetu ziko chini. Hatuombi huruma. Tunataka anyang'anywe mashine, na tunataka kila wakala aamriwe kuwaambia watu wenye vidole vilivyolika kwamba ofisini ipo fomu. Tumechakaa vidole kwa kujenga nyumba zenu na kufua nguo zenu. Hiyo si sababu ya kutuibia.*

"Mstari wa mwisho ni mkali, Baba Pacha."

"Huo nimeupunguza. Ungeuona ulivyokuwa mwanzo."

Asubuhi alikwenda posta. Alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa dole gumba mpaka ikashika.

"Ya kawaida au ya rejista?" karani aliuliza.

"Ya rejista. Na unipe risiti yenye jina langu."

Karani aligonga muhuri, akaitupa bahasha kwenye gunia la barua zinazoondoka.